Chuo kipya cha fiziotherapia kimenikubali kirahisi mno. Nilipe?

Shikamooni wakubwa zangu,

Nina miaka 27, nyumbani Tanga, sasa ni mwaka wa saba niko Houston baada ya familia yetu kushinda bahati nasibu ya green card. Nimemaliza shahada ya kinesiolojia, elimu ya mwendo wa mwili, katika chuo cha umma hapa Texas, na usiku nafanya kazi ya CNA, yaani msaidizi wa muuguzi, kwenye nyumba ya kulelea wazee. Deni la shahada hiyo ni dola 31,000. GPA yangu, yaani wastani wa alama ambao juu kabisa ni 4.0, ni 3.1, lakini masomo ya sayansi peke yake ni 2.9, kwa sababu fizikia na kemia nilikuwa nikizisoma nimetoka zamu.

Niliomba vyuo vitatu kusomea DPT, udaktari wa fiziotherapia. Viwili vya umma vimenikataa. Cha tatu, cha binafsi na kipya, kimenikubali ndani ya siku tisa. Usaili ulikuwa wa dakika 20 kwa video. Hawakutaka GRE, ule mtihani wa kuombea masomo ya juu, hawakutaka saa za kumfuata mtaalamu kazini. Kozi ni miaka miwili badala ya mitatu: masomo kwa mtandao, na mara sita kwenda chuoni wiki nzima kwa nauli yangu. Darasa ni watu 90. Ada yote ni dola 118,000, masomo yanaanza Agosti 2026. Kwenye tovuti wameandika kwamba wako hatua ya kugombea ithibati ya CAPTE, tume ya vyuo vya fiziotherapia, na darasa lao la kwanza halijahitimu. Wamenipa siku 14 nilipe dola 1,000 za kushikilia nafasi. Leo ni siku ya tatu.

Binamu yangu wa Dallas anasema wahitimu wa PT, yaani fiziotherapia, wamejaa, wengine wanaokoteza saa huku na huku. Mshauri wa chuo ananitumia takwimu za serikali kwamba kazi hii inakua haraka. Mjomba wa Maryland yuko tayari kunidhamini mkopo. Mama naye ameshawatangazia majirani Chumbageni kwamba mwanawe anakwenda kuwa daktari.

Nilipe au nisilipe? Na kama wahitimu wamezidi, kwa nini chuo kinichukue mimi mwenye 2.9?

Wa zamu ya usiku, Houston

MAJIBU

Marahaba, mdogo wetu, na pole na zamu.

Tuanze na swali lako la mwisho, kwani ndilo lililobeba mengine. Chuo kimekuchukua kwa sababu kina nafasi 90 za kujaza na waombaji hawatoshi kuzigombania. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 programu za DPT nchini Marekani zilikuwa zimepita 200 kidogo. Leo zinazunguka 300. Waombaji nao wamepungua tangu katikati ya muongo ule. Hakuna GPA ya chini iliyowekwa kwa nchi nzima. CAPTE, tume inayotoa ithibati, hupima kama programu inafundisha ipasavyo. Haipimi soko, na haimkatalii mtu kufungua chuo kwa hoja kwamba wahitimu wametosha. Kila chuo hujiwekea kizingiti chake, na chenye uhaba wa waombaji hukishusha. GRE huondoka kwanza, saa za kumfuata mtaalamu hufuata, mwishowe GPA ya sayansi inakuwa jambo la "kuangaliwa pamoja na mengine".

Lakini chujio halijatupwa. Limesogezwa tu, likawekwa ng'ambo ya dirisha la malipo.

Tazama vigezo vya CAPTE vyenyewe. Programu hutakiwa angalau asilimia 80 ya walioingia wahitimu, asilimia 85 ya wahitimu wafaulu mtihani wa leseni, na asilimia 90 ya waliotafuta kazi wawe wameipata ndani ya mwaka mmoja baada ya kufaulu, kwa wastani wa miaka miwili. Vikisomwa kimoja kimoja vinapendeza. Sasa vizidishe. Wakiingia 100, wanahitimu 80. Wanaofaulu ni 68. Wenye kazi ni 61. Chuo chenye matokeo hayo kimetimiza kila kitu, na watu 39 wamebaki na deni bila kile walichokifuata. Vyuo vingi viko juu ya viwango hivyo, tena mbali. Tunachokuonyesha ni sakafu, kwa sababu chuo kisicho na mhitimu hata mmoja hakina namba nyingine ya kukuonyesha zaidi ya sakafu.

Namba hizo zina mitego yake pia. Kigezo cha mtihani ni "kufaulu hatimaye": aliyefaulu mara ya kwanza na aliyefaulu mara ya nne wanahesabiwa sawa. Kwa hiyo ukiuliza chuo chochote, uliza waliofaulu mara ya kwanza. Hapo ndipo ubora wa wanaoingia na wa ufundishaji huonekana. Kigezo cha ajira nacho hakitofautishi kazi ya kudumu na ile ya PRN, ya kupigiwa simu wakikuhitaji. Saa za kuokoteza anazosema binamu yako humo ndani zinaandikwa "ameajiriwa".

Tatizo kwa mwenye GPA ya sayansi kama yako hujitokeza muhula wa pili au wa tatu. Anatomia ya maiti, mfumo wa fahamu na elimu ya mwendo wa mwili huja pamoja, na kozi ya miaka miwili huvibana zaidi. Chuo kinachopokea wengi kwa alama za chini lazima kilinde asilimia 85 yake, na njia nyepesi ni kuwaondoa dhaifu mapema: ukipata C mbili, au wastani ukishuka chini ya 3.0, unaondolewa. Wengine huweka mtihani wa ndani mwishoni, asiyeupita hahitimu. Hapo ada ya mihula mitatu imekwishalipwa, na krediti za DPT ni nadra kupokelewa na chuo kingine.

Ukivuka hapo, unakutana na NPTE, mtihani wa leseni. Ni maswali 225, yanayohesabiwa ni 180, na alama ya kufaulu ni 600 kwenye mizani ya 200 hadi 800. Kwa PT hufanyika mara nne tu kwa mwaka, hivyo anayefeli Julai anangoja Oktoba huku riba ikiota. Ruhusa ni mara tatu ndani ya miezi 12 na mara sita maisha yote. Ukipata alama 400 au chini mara mbili, mlango umefungwa kabisa. Hatukutishi. Mtu wa 2.9 anaweza kuufaulu, hasa ikiwa sababu ya 2.9 ni usingizi na si uelewa. Lakini sababu hiyo lazima uiondoe kwanza, na katika kozi hii hutaweza kushika zamu za usiku kama ulivyozoea.

Kuhusu hatua ya kugombea ithibati. CAPTE yenyewe inavitaka vyuo viandike wazi kwamba hatua hiyo si ithibati na haihakikishi kuipata. Uamuzi hutolewa darasa la kwanza linapokaribia kuhitimu. Programu nyingi zinazofika hapo huipata. Isipopatikana, waliosoma humo hubaki na cheti ambacho bodi za leseni za majimbo hazikitambui kuwa njia ya kuukalia mtihani. Kwako kuna afueni moja: kuna darasa mbele yako. Muulize chuo tarehe ambayo CAPTE itaamua. Ukiahirisha mwaka mmoja, huenda uamuzi huo ukakukuta bado una fedha zako mfukoni.

Sasa tuje kwa binamu. Hajakosea, ila kashika nusu. Mwaka 1997 utafiti wa kampuni ya Vector Research, ulioagizwa na chama cha taaluma, APTA, ulitabiri ziada ya wataalamu ya asilimia 20 hadi 30 katikati ya muongo uliofuata. Mwaka huohuo Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya bajeti iliyoweka kikomo cha dola 1,500 kwa mwaka kwa mgonjwa wa Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, kikaanza Januari 1999, na waliohitimu miaka ile walitafuta kazi kwa tochi. Miaka michache baadaye waajiri wakawa wanalia uhaba. Vilevile Oktoba 2019: Medicare ilibadili namna ya kulipa nyumba za kulelea wazee, dakika za mazoezi zikaacha kupandisha malipo, na kampuni zikaanza kupunguza wataalamu wiki ileile. Idadi ya wagonjwa ilikuwa ileile, na ya wahitimu pia. Kilichobadilika ni anayelipa na anacholipia. Ndiyo maana makadirio ya APTA yenyewe hugeuka kutoka uhaba kuwa ziada kwa kubadilisha dhana moja tu, ya wangapi wataacha kazi kila mwaka.

Mshauri wa chuo naye kashika nusu iliyobaki. Ni kweli serikali inakadiria ajira hizi zitakua haraka kuliko wastani wa kazi nyingine. Lakini kukua kwa ajira si kukua kwa mshahara. Kizidishi cha malipo ya Medicare, yaani dola zinazozidishwa na uzito wa kila huduma kupata bei yake, kilikuwa dola 36.09 mwaka 2020. Mwaka 2025 kilikuwa 32.35. Kliniki inayolipwa pungufu kwa kazi ileile hufanya mambo mawili: humpa mtaalamu wagonjwa wengi zaidi kwa saa, na humwajiri kijana anayeanza kwa bei ya chini. Ziada, pale ilipo, ni ya mahali na ya aina ya kazi. Kliniki za majeraha ya michezo katika miji mikubwa yenye vyuo vingi hugombaniwa. Nyumba za wazee, huduma za majumbani na miji midogo ya Texas magharibi hutafuta watu. Ukiwa tayari kwenda huko, hofu ya binamu inapungua sana. Kama ndoto yako ni kliniki ya wanariadha Houston, iongezee.

Fedha ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi, hata kuliko ithibati. Mkopo wa serikali wa Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo lote, unaondolewa kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026, nawe unaanza Agosti. Kwa kozi za uzamili na udaktari za kawaida kikomo kipya ni dola 20,500 kwa mwaka, jumla 100,000. Zile zinazoitwa za kitaaluma zinapewa dola 50,000 kwa mwaka, ila orodha iliyokubaliwa na kamati ya Wizara ya Elimu Novemba 2025 haikuitaja fiziotherapia. Ona basi uzuri wa "miaka miwili" unavyogeuka: kwa miaka mitatu ungepata 61,500 za serikali, kwa miwili huenda ukapata 41,000 tu. Tunasema huenda kwa sababu baadhi ya kozi za haraka huhesabu mwaka wa masomo kwa wiki na krediti badala ya kalenda, na hapo kikomo kinaweza kujirudia mapema. Ofisi ya mikopo ya chuo inalijua jibu. Ulitake kwa maandishi.

Zilizobaki, dola 77,000 za ada peke yake, zingetoka benki binafsi. Huko ndiko mjomba anakoingia, na tunaomba asiingie. Mdhamini si shahidi wa harusi. Ukiondolewa muhula wa tatu, au ukifeli NPTE, benki itamdai yeye kama alivyosaini, na akitaka kukopa kununua nyumba Maryland, deni lako litahesabiwa kuwa lake. Mikopo hiyo haina ule utaratibu wa serikali wa kulipa kulingana na kipato.

Piga hesabu. Chukua riba ya asilimia 7.94, iliyokuwa ya mikopo ya serikali kwa uzamili mwaka wa masomo 2025/26. Ya benki inaweza kuzidi. Dola 118,000 kwa miaka kumi ni kama dola 1,430 kwa mwezi, kabla ya riba iliyoota ukiwa darasani, nauli za safari sita, na chakula. Ongeza deni la awali, kama 330 kwa riba ya asilimia 5. Jumla 1,760. Mshahara wa kati wa PT Mei 2024 ulikuwa dola 101,020 kwa mwaka, lakini huo unajumuisha wenye miaka ishirini kazini. Weka 75,000 kwa anayeanza: Texas haina kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo zitakufikia kama 5,000 kwa mwezi kabla ya bima. Zaidi ya theluthi imekwenda kabla hujalipa pango wala kutuma chochote Tanga.

Kwa hiyo: usilipe dola 1,000 sasa. Leo hii andika barua pepe uombe mambo haya yajibiwe kabla ya siku ya 14: tarehe ya uamuzi wa CAPTE, karatasi ya gharama ambayo programu hutakiwa kuitangaza, wangapi wa darasa la kwanza walioanza na wangapi bado wapo leo, kanuni ya kuondolewa na ya kurudia muhula, mpango wa kuwahamishia wanafunzi kwingine ithibati ikikataliwa, na mikataba ya vituo vya mafunzo kwa vitendo iliyosainiwa ni mingapi. Hilo la mwisho usilichukulie poa. CAPTE inataka angalau wiki 30 kamili za vitendo. Darasa la watu 90 lahitaji mamia ya nafasi hospitalini na kliniki, na chuo kisicho na uhusiano wa siku nyingi kinaweza kukupeleka wiki kumi jimbo lingine, pango mbili mfukoni mwako. Wakijibu "tuna washirika wengi nchi nzima", jua hujajibiwa. Mwishoni omba kuahirisha hadi darasa lijalo. Wakikubali bila fedha, umeshinda. Wakisema dola 1,000 hazirudishwi kwa hali yoyote, waache wazikose.

Mwaka huo wa kungoja una kazi yake. PTCAS, mfumo wa pamoja wa maombi, haufuti alama ya zamani ukirudia somo. Zote mbili zinaingia kwenye wastani. Tuseme una krediti 40 za sayansi kwa 2.9, yaani pointi 116. Ukisoma krediti 12 chuo cha jamii na kupata A tupu, unaongeza 48. 164 gawa kwa 52 ni 3.15. Si muujiza, ila unavuka 3.0 ambayo vyuo vingi vya umma huitumia kama mstari, na kwa vile vinavyoangalia krediti 60 za mwisho unapanda zaidi. Anza na fizikia na kemia ulizozisinzia. Chukua mbili kwa muhula, si nne, na badili zamu angalau usiku mmoja kabla ya maabara. Dirisha la PTCAS hufunguka katikati ya Juni na vyuo vingi hujaza nafasi kadiri maombi yanavyoingia. Ombi la Julai na la Desemba si ndugu. Ada ya mkazi wa jimbo kwenye chuo cha umma ndiyo dawa pekee tunayoijua ya hesabu ile ya 1,760.

Njia ya PTA, msaidizi wa fiziotherapia, ipo pia: kama miaka miwili chuo cha jamii, mtihani wake wa leseni, na mshahara wa kati wa dola 65,510 Mei 2024. Kasoro zake ni mbili. Tangu 2022 Medicare hulipa asilimia 85 tu ya malipo ya kawaida kwa huduma ya wagonjwa wasiolazwa inayotolewa na PTA, jambo linalowafanya baadhi ya wenye kliniki wasite kuwaajiri. Na krediti zake hazikupunguzii njia ya DPT, isipokuwa katika programu chache za kuwavusha PTA kwenda DPT. Ila deni lake hulipika, tena bila mjomba.

Mama mwambie ukweli mapema: D ya DPT ni ya shahada, huandiki dawa wala hupasui mtu. Akiulizwa Chumbageni, aseme mwanangu anasomea tiba ya viungo.

Na zamu yako ya usiku ikiisha kesho, usikimbilie basi. Ngoja mkuu wa kitengo cha mazoezi afike, nyumba nyingi za wazee zinaye, na muulize mambo matatu: nafasi ya mwisho ya PT waliyoitangaza ilipata maombi mangapi, anayeanza analipwa kiasi gani kwa saa, na katika saa nane ni ngapi lazima ziwe za mgonjwa. Kisha muulize kama amewahi kupokea mwanafunzi wa vitendo kutoka chuo hicho.